Kabla ya kulaumu mshahara, waulizeni wafanyakazi kuhusu msimamizi wao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nijibu makala yenu ya karibuni iliyosema kwamba wafanyakazi wa siku hizi hawadumu kazini kwa sababu wanakimbilia mshahara mkubwa. Upande wa fedha mwandishi ameueleza vizuri na hapo sina ugomvi naye. Ila mimi ni afisa rasilimali watu katika kiwanda cha vifungashio, na barua za kuacha kazi hupita mezani kwangu kabla hazijafika kwa meneja. Nyingi zimeandikwa kwa maneno yaleyale: nimepata nafasi kwingine, nashukuru kwa ushirikiano, naomba kukabidhi vifaa. Utaratibu wetu unanitaka pia nikae na anayeondoka, mlango ukiwa umefungwa, nimwulize kilichomwondoa. Hapo maneno hubadilika. Mshahara hutajwa, kisha hutajwa mtu. Na mtu huyo, mara nyingi mno, ni msimamizi wake wa kila siku.

Kiwandani kwetu zipo idara mbili ambazo ningependa mwandishi wenu azione. Moja ni ya uchapaji, nyingine ya upakiaji. Ngazi za mshahara ni zilezile, saa za kazi zilezile, bima ileile, kitabu cha kanuni kimoja. Kazi ya upakiaji ndiyo ngumu zaidi: kubeba, kusukuma, kusimama kutwa nzima ndani ya ghala lenye joto. Kwa hesabu ya fedha na jasho, watu wangeukimbia upakiaji waende uchapaji. Maombi ya uhamisho ninayoyapokea yanaelekea kinyume. Watu waliojifunza mitambo ya kuchapa, kazi yenye ujuzi na heshima yake, wanaomba wakabebe maboksi.

Msimamizi wa upakiaji ni mtu wa maneno machache. Zamu ikianza hatangulizi malengo ya siku. Anauliza, "Leo nini kitatukwamisha?" Majibu anayaandika ubaoni: toroli la kuinulia mizigo limeharibika, lebo za mteja fulani hazijafika, taa ya mlango wa pili imezimika. Zamu ikiisha anasimama mbele ya ubao uleule, anafuta yaliyotatuliwa, na kwa yaliyobaki anaeleza yamefikia wapi na yako kwa nani. Siku moja nilimkuta karakana amekaa kwenye benchi, faili mapajani, anasubiri toroli litengenezwe. Fundi alimwambia aende zake, ataitwa likiwa tayari. Akajibu, "Nikiondoka hapa litarudi mwisho wa foleni, na vijana wangu wanabeba kwa mgongo." Alikaa mpaka likatoka.

Ratiba ya zamu anaibandika mapema, na suala la kubadilishana zamu amewaachia wafanyakazi wenyewe, mradi idadi itimie. Kijana mmoja aliyekuwa akisoma masomo ya jioni amemaliza kwa njia hiyo bila kumpigia mtu magoti. Mwingine alibuni namna ya kupanga mizigo kwenye lori kwa kufuata mpangilio wa vituo vya kushushia, mzigo wa kituo cha mwisho ukitangulia kuingia. Uongozi ulipoupenda mpango huo, msimamizi hakwenda kuueleza yeye. Alimwandaa kijana, wakarudia maelezo mara kadhaa pale ghalani, kisha akaongozana naye kwenye mkutano wa mameneja na kukaa kiti cha nyuma. Nilikuwemo chumbani humo nikiandika kumbukumbu za mkutano. Yule kijana alianza kwa sauti ya chini, akabanwa maswali, akayajibu moja baada ya jingine. Msimamizi hakufungua kinywa ila mara moja, alipoulizwa mpango ni wa nani, akamwonyesha kijana kwa mkono.

Msomaji asidhani basi kwamba huyu ni mtu wa kuwaridhisha watu kwa kuwaachia wafanye watakavyo. Mpakiaji mmoja alikuwa anachelewa mara kwa mara. Msimamizi alimwita, akamsikiliza, akakuta kweli kuna ugonjwa nyumbani, akampangia zamu ya mchana kwa muda waliokubaliana. Muda ulipokwisha na uchelewaji ukaendelea, barua ya onyo ilifika kwangu ikiwa imeandikwa vizuri, na tarehe zote zikiwemo. Nilitegemea rufaa. Mfanyakazi alikuja, akasaini, akasema, "Alinipa nafasi, hilo siwezi kukataa." Yupo kazini mpaka leo na anafika kwa wakati. Anayetafuta kuelewa kuridhika kazini asiishie kuwaangalia watu wanaocheka. Amwangalie pia aliyepewa onyo akaona ametendewa haki.

Sasa nije uchapaji. Sitaki kumchora msimamizi wa huko kama mtu mbaya, kwa sababu si mbaya. Anaijua mitambo kuliko yeyote kiwandani, anafika wa kwanza, anaondoka wa mwisho, na idara yake hutimiza malengo. Lakini kila jambo lazima lipite mkononi mwake. Kubadilisha glavu zilizotoboka kunahitaji saini yake. Fomu za likizo hulala mezani mpaka mwombaji aache kuuliza. Wazo likitoka kwa mfanyakazi, kwenye ripoti huonekana limetoka idarani, na idara ni yeye. Akiulizwa kwa nini hawaachii watu wake hata mambo madogo, husema hawajawa tayari. Baadhi ya hao wasio tayari wamekuwa wakiendesha mitambo hiyo tangu kabla yeye hajafika.

Kuna tukio ambalo bado linaniuma. Mtambo mmoja wa kuchapa uliharibika vibaya, beringi ilisagika na kuharibu rola, na kazi ikasimama. Katika kuandaa ripoti nilizungumza na mwendeshaji. Aliniambia kwamba mlio usio wa kawaida aliusikia tangu asubuhi. Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akatazama chini, akasema kuwa aliwahi kusema jambo la aina hiyo hapo nyuma akaambiwa aangalie kazi yake. Basi akaangalia kazi yake. Hakuwa mvivu wala mzembe. Ni mtu aliyekwisha kuamua kwamba anachokijua hakihitajiki, na mtu aliyefika hapo ameshaondoka kazini kwa moyo, barua ya kuacha kazi huja baadaye tu.

Mwaka 1999 Amy Edmondson, mtafiti wa Marekani, alichapisha utafiti alioufanya katika timu 51 za kampuni moja ya uzalishaji. Alitaka kujua ni wapi watu wanathubutu kuuliza, kukiri kosa na kutoa habari mbaya bila kuogopa kudhalilishwa. Timu ambazo watu wake walijiona salama hivyo ndizo zilizojifunza zaidi, na kujifunza huko ndiko kulikoendana na utendaji bora, na namna kiongozi wa timu anavyowalea watu wake ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyoujenga usalama huo. Niliposoma hayo nilimwona mwendeshaji wetu na mlio wake wa beringi.

Uongozi wa namna ya yule wa upakiaji una jina: uongozi wa utumishi. Robert Greenleaf, Mmarekani aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya AT&T kuanzia 1926 hadi 1964, ndiye aliyeupa jina hilo katika makala yake ya 1970. Napenda kwamba hakuwa mhubiri wala mwanasiasa. Alikuwa mtu wa shughuli zetu hizi, mtafiti wa masuala ya uongozi na mafunzo ya mameneja ndani ya shirika kubwa. Kipimo alichokiweka ni kigumu kuliko vipimo vyote nilivyowahi kuviona kwenye fomu za tathmini. Anauliza kama wale wanaotumikiwa wanakua kama watu: je, wanakuwa na afya zaidi, busara zaidi, uhuru zaidi, uwezo zaidi wa kujitegemea, na je, wao nao wanaelekea kuwa watumishi wa wengine? Na anauliza walio chini kabisa wanapata nini. Hakuna mahali anapouliza kama kiongozi anapendwa.

Nasisitiza hilo kwa sababu semina nyingi zimelipotosha. Kiongozi mtumishi huchorwa kama mtu mpole, anayetabasamu, anayewapelekea wafanyakazi keki siku zao za kuzaliwa. Dirk van Dierendonck na Inge Nuijten walipotengeneza dodoso lao la maswali 30 mwaka 2011 walipata sura nane za uongozi huu. Unyenyekevu umo, na kuwapa watu uwezo wa kuamua umo. Lakini umo pia uwajibikaji, yaani kumdai mtu matokeo ya kazi aliyokabidhiwa, na umo ujasiri. Barua ya onyo ya yule mpakiaji ni sehemu ya utumishi. Kukaa kiti cha nyuma mkutanoni ni sehemu nyingine, tena ngumu, kwa sababu mtu aliyezoea kusifiwa huona amenyang'anywa.

Nirudi kwa mwandishi wenu na hoja yake ya fedha. Paul Spector alichapisha mwaka 1985 dodoso la kupima kuridhika na kazi ambalo watu wa fani yangu wanalitumia mpaka leo. Lina maswali 36 yanayogusa mambo tisa: mshahara, kupandishwa cheo, msimamizi, marupurupu, kutambuliwa kwa kazi nzuri, taratibu za kazi, wafanyakazi wenzako, kazi yenyewe, na mawasiliano. Ukiyahesabu kwa haraka utasema msimamizi ni moja tu kati ya tisa. Hebu tuyapitie kwa utaratibu. Nani hutambua kazi nzuri, au huinyamazia? Nani hupendekeza jina la kupandishwa cheo? Habari za ofisi kuu zikishuka, zinafika kupitia kwa nani? Wafanyakazi wakigombana, nani huuacha ugomvi ukaota mizizi, nani huuamua? Taratibu za kazi zimeandikwa na wakubwa, lakini glavu zilizotoboka zinangoja saini ya mtu mmoja. Hata kazi yenyewe, kama ni ya kufikiri au ya kutumwa tu, inategemea kiasi anachoachia. Msimamizi ana mkono karibu katika yote, isipokuwa mshahara na marupurupu, ambayo kwa kawaida huamuliwa juu yake.

Na hapo kwenye mshahara nataka nieleweke vizuri, kwa sababu najua kuna waajiri watakaosoma barua hii kwa furaha wakidhani nimewapa njia rahisi. Nimekaa kwenye semina nikamsikia mkufunzi akiwaambia mameneja kwamba watu wakiongozwa kwa upendo hawataulizia nyongeza. Nilikasirika, na hasira hiyo ninayo bado. Frederick Herzberg na wenzake, katika utafiti wao wa 1959 uliohusu wahandisi na wahasibu wapatao 200, waliona kwamba mshahara mdogo na mazingira mabaya huwachukiza watu, ilhali yanayowapa furaha ya kweli ni kufanikisha jambo, kutambuliwa, kupewa dhamana na kukua. Mbinu yake imepingwa na wengi na mpaka leo wataalamu wanabishana. Ninachokichukua kwake ni kidogo tu: kumsifu mtu hakufidii kodi ya nyumba iliyomshinda, na nyongeza ya mshahara haimrudishii heshima aliyenyimwa. Ni madeni mawili tofauti, na mwajiri anadaiwa yote. Kiongozi mtumishi wa kweli ndiye wa kwanza kupeleka juu madai ya mshahara ya watu wake. Yule wa upakiaji amefika ofisini kwangu kuhusu malipo ya saa za ziada ya watu wake mara nyingi kuliko wasimamizi wengine wote tulionao.

Utafiti juu ya jambo hili si mchache. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2019 na Nathan Eva na wenzake yalikusanya makala 285 za miaka ishirini, na kuridhika na kazi ni moja ya matokeo yanayojitokeza humo pamoja na uaminifu kwa mwajiri na kupungua kwa nia ya kuhama. Robert Liden na wenzake, mwaka 2014, waliwachunguza wafanyakazi 961 wa migahawa 71 iliyo chini ya kampuni moja. Walichokiona kinanivutia kuliko takwimu zenyewe: meneja akitumikia, wafanyakazi huigana, tabia ya kutumikiana inakuwa desturi ya mgahawa mzima, na utendaji wa mgahawa unapanda nayo. Pale kwetu nimeiona. Wapakiaji sasa wanaulizana wenyewe kwa wenyewe nani amekwama, hata siku msimamizi akiwa likizo.

Lazima niseme pia udhaifu wa tafiti hizi, maana nisiposema mimi atasema mwingine. Nyingi humpa mfanyakazi dodoso moja, siku moja, aeleze bosi wake alivyo na yeye anavyojisikia. Mtu aliyeridhika kwa sababu nyingine kabisa humsifu bosi wake, na mwenye kinyongo humlaumu. Kwa hiyo huwezi kujua kwa hakika kipi kimezaa kipi. Ndiyo maana mimi nayathamini sana maombi yale ya uhamisho. Dodoso ni maneno. Mtu anayeacha mtambo aliousomea na kwenda kubeba maboksi kwa mshahara uleule amelipa kwa jasho lake ili kuthibitisha anachosema.

Kuna jambo moja ambalo sijaona likizungumzwa vya kutosha, nalo ni hali ya msimamizi mwenyewe. Jioni moja nilimkuta yule wa upakiaji peke yake mbele ya ubao wake. Nikamwuliza hali. Akasema, "Mimi nawauliza wenzangu nini kitawakwamisha. Juu yangu hakuna aliyewahi kuniuliza." Yaliyokuwa yamebaki ubaoni siku hiyo yote yalihitaji idhini ya ngazi ya juu, na maombi yalikuwa yamejibiwa kwa ukimya. Anabeba lawama za wakubwa kutoka juu na mahitaji ya watu kutoka chini, akiwa katikati kama kizibo. Kiwanda kinachotaka wasimamizi wa namna yake huku meneja mkuu anaongoza kwa amri na ukali kinamla mtu huyo polepole. Siku akichoka ataondoka, na barua yake itasema amepata nafasi kwingine.

Nani basi anapandishwa cheo? Fomu yetu ya tathmini ya wasimamizi ina kiasi cha uzalishaji, kiasi cha malighafi iliyoharibika, mahudhurio, na gharama za saa za ziada. Ndiyo yote. Kwa fomu hiyo msimamizi wa uchapaji amekuwa akipata alama za juu, na aliyepeleka madai ya saa za ziada za watu wake ameonekana ana gharama. Waliohama kutoka uchapaji, na walioingia mahali pao wakasomeshwa upya, wakachukua miezi kujifunza mtambo, gharama yao haiko kwenye fomu ya mtu yeyote. Iko kwenye bajeti yangu ya ajira. Halafu tunaandaa semina ya uongozi wa utumishi, tunatundika mabango ukutani, na tunashangaa kwa nini wasimamizi wanarudi wakiwa vilevile. Wanafuata kinachopimwa, na sisi tunaopima ndio tunaowafundisha.

Nimewasilisha pendekezo kwa uongozi wa kiwanda. Nimeomba sehemu ya tathmini ya kila msimamizi ijazwe na wale anaowaongoza, kwa maswali machache yaliyo wazi. Katika miezi sita iliyopita umejifunza jambo gani jipya kazini? Ulipotoa taarifa ya tatizo, nini kilifanyika? Kuna uamuzi gani unaoruhusiwa kuufanya bila kuomba idhini? Kazi yako nzuri ya mwisho ilitambuliwa na nani? Nimeomba pia idadi ya watu waliohama au kuacha kazi iandikwe kwenye fomu ya msimamizi husika, pamoja na sababu walizozitoa mlango ukiwa umefungwa, bila majina. Na nimeomba tathmini hiyo ianzie kwa meneja mkuu, ili yule wa upakiaji naye apate wa kumwuliza nini kinamkwamisha.

Pingamizi moja lililoletwa ni la haki na sijalipatia jibu. Idara nyingine zina watu wanne au watano tu. Hata usipoandika jina, msimamizi atatambua jibu ni la nani kwa namna lilivyoandikwa, na mwenye kisasi atalipiza kwenye ratiba ya zamu, mahali ambapo ni vigumu kuthibitisha. Kuunganisha majibu ya idara ndogo kunawalinda watu, lakini kunamficha pia msimamizi anayewaumiza. Kama wapo miongoni mwa wasomaji wa gazeti hili waajiri, wenzangu wa rasilimali watu, au viongozi wa vyama vya wafanyakazi waliolivuka tatizo hili katika sehemu ndogo za kazi, nawaomba waandike katika safu hii waeleze walivyofanya. Kikao cha kulijadili pendekezo kinakaribia.

Msomaji wenu,
Afisa rasilimali watu
(Jina na anwani vimehifadhiwa)